Tikiti la Pantaleo na Kidirisha Chake

Tueni mizigo, enyi mliotoka sokoni. Nanyi mnaosubiri basi la Kahama kalieni mabegi yenu, nanyi mnaopepeta mchele wekeni ungo chini mnyamaze kidogo, kwa maana leo nawasimulia jambo ambalo halijapata kutendeka katika nchi ya Ushirombo tangu barabara ya lami ilipopita, wala sitegemei kuliona tena kwa macho haya yanayodai miwani. Ni habari za Pantaleo mwana wa Mayala, Mpasua Mwamba wa Nyarugusu, Mwenye Kofia Ngumu, simba aliyepungukiwa meno mawili ya mbele, mume wangu kwa miaka arobaini na mmoja; jinsi alivyopigana na mvua, akapigana na jua, akapigana na mawe yatokayo mbinguni, hata akaleta nyumbani tikiti.

Moja. Msicheke bado.

Chanzo cha vita vile kilikuwa aibu. Kwetu, Jumapili ya mavuno, kila nyumba hupeleka kanisani kitu ilichokilima. Serafina, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mwanamke mwenye sauti isiyohitaji kipaza, husimama mlangoni akitangaza jina la mtu, kisha alicholeta, kisha maneno ambayo kwetu sisi ni sawa na kuvikwa taji: mavuno ya mikono yake. Mtu akishatangaziwa hivyo hutembea hadi altareni kama anayekwenda kuoa.

Sasa mwaka juzi Pantaleo alikuwa amerudi nyumbani kwa heri, baada ya miaka ishirini na miwili ya kushuka katika maduara, yale mashimo ya Nyarugusu, kutafuta dhahabu, naye hakuwa amepanda hata mchicha. Mwaka uliofuata, mavuno yakakaribia, bado hakuwa amepanda hata mchicha. Lakini shujaa haendi mikono mitupu. Akapita sokoni, akachagua tikiti kubwa kama mtoto wa kubatizwa, akalibeba begani, akampa Padre mbele ya umati. Padre akaliinua kwa mikono miwili. Na pale juu, watu wote wakitazama, kipande cha ganda chenye pembe tatu kikachomoka ubavuni mwa tikiti kikaangukia kiatu cha Padre.

Kilikuwa kidirisha. Kile kidirisha ambacho muuza matikiti hukata kwa ncha ya kisu ili mnunuzi achungulie wekundu wa ndani, kisha hukirudishia. Hakuna mkulima chini ya jua anayekata kidirisha katika tikiti lake likiwa shambani. Kwaya ikapoteza sauti ya pili. Na Serafina, aliyekuwa amekwisha kusema, "Pantaleo Mayala, tikiti moja," na mdomo uko wazi kwa yale maneno yaliyobaki, akayameza, akaita jina linalofuata.

Mume wangu angeona afadhali apigwe mawe. Baada ya misa watoto walipolila lile tikiti uwanjani, aliinama akaokota mbegu zao walizotema, akaziosha, akazianika juu ya bati, akazitia katika chupa ya dawa ya kikohozi. Kisha akasimama uani kama anayehutubia wilaya nzima.

"Mama Noela," akaniambia, "mimi nimeshuka futi mia mbili chini ya ardhi, nikapanda nikiwa hai. Sitashindwa na kitu kinachotambaa juu yake. Mwakani Serafina atayasema yale maneno yote mpaka la mwisho. Asipoyasema, kanisani mtakwenda bila mimi, wewe na kitenge chako, hadi siku mtakaponibeba."

Nikamjibu kwamba uji unapoa. Lakini nilimtazama machoni, na nikaona kwamba hatanii. Mtu asiyekanyaga kanisani katika mtaa wetu ni kama amehama; hakuna wa kumsalimu njiani Jumapili, na mtu huyu alikuwa ndiyo kwanza arudi.

Basi Novemba ikafika, na mawingu ya kwanza yakakusanyika upande wa Geita, na Mpasua Mwamba akatwaa sururu. Alilima kama alivyozoea kulima. Siku ya kwanza nilimwona magoti, siku ya pili nilimwona mabega, siku ya nne sikumwona, nikawa namteremshia uji kwa kamba. Nilipouliza kwa upole kwa nini tikiti linahitaji kwenda mbali hivyo, sauti ikapanda kutoka chini ikanieleza kwamba utajiri wote uko chini, na kwamba juujuu hulima watu waoga. Akaweka na matimba, zile nguzo za mbao za kuzuia udongo usiporomoke, imara, zilizopangwa kama katika duara la watu thelathini. Chini kabisa, mahali ambapo adhuhuri ilikuwa kama magharibi, akapanda mbegu sita.

Majirani wakaja kunipongeza kwa choo kipya. Nestory, mwenye mbuzi, jirani yetu wa ukuta mmoja, alisimama ukingoni, akanisabahi kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akachungulia kwa heshima, akasema sasa nasi tumeendelea. Sikumsahihisha. Ningeanzia wapi?

Usiku na mchana, siku tatu, majeshi ya mvua yakashuka. Duara likajaa hadi mdomoni. Asubuhi ya nne mbegu sita zilikuwa zikielea juu ya maji, na bata wa Nestory alikuwa miongoni mwao, akiwa na amani. Hivyo ndivyo ilivyopotea vita ya kwanza, na shujaa akakaa juu ya rundo la udongo wake, akisema kwamba huko Nyarugusu wangekuwa wameleta pampu.

Ikaja Januari. Mvua ikakatika kama mtu aliyeitwa pembeni akasahau kurudi, na jua, sultani asiye na shukurani, likaketi juu ya paa letu likakataa kuondoka. Safari hii Pantaleo alipanda juu, katika ardhi tambarare, nayo ilikuwa hatua kubwa kwake. Akateka maji katika lile duara akamwagilia kwa kopo la mafuta, asubuhi na jioni, mche kwa mche, akiongea nayo. Jua likateka maji yaleyale kwa ndoo kubwa zaidi. Wiki ya tatu duara lilikauka, hata vyura wakahama.

Jumamosi moja nikatafuta kitenge changu cha Wawata, umoja wetu akina mama wa kanisani, ndani ya sanduku, nikakikosa. Nikakitafuta kambani, nikakikosa. Nikatoka uani nikakiona kimetandazwa juu ya vijiti vinne, kikiwapa kivuli miche mitano iliyokwisha kufa. Jumapili ile nilisimama na wenzangu, wao bluu iliyoshiba, mimi bluu iliyochoka. Serafina alikitazama kitenge, akanitazama mimi, akaniuliza kama mume wangu hajambo. Nikasema hajambo, analima.

Hapo, watoto wangu, ndipo Mwenye Kofia Ngumu alipofanya jambo zito kuliko kupasua mwamba. Alikuja jikoni, akakaa juu ya kigoda changu, akatazama moto, akaniuliza mimi hupanda vipi maboga yangu.

Nikamwambia. Tuta, lisilo refu. Samadi ya ng'ombe ya mwaka jana, si ya jana. Mbegu ufukie kwa kidole kimoja, si kwa sururu. Nilikuwa nimelisema hilo Novemba, nikalisema Januari, Machi likasikika.

Na Machi mvua zikarudi kwa adabu, zikanyesha jioni na kukoma asubuhi, na miche mitatu ikatambaa juu ya tuta ikafunga maua ya njano. Katikati ya Aprili tukaona tunda. Lilikuwa kama limau. Pantaleo aliliona kwanza, akaniita kwa sauti ya mtu aliyekutana na mshipa wa dhahabu, nikakimbia nikidhani ni nyoka. Tangu siku ile aliweka kiti chake pale bustanini. Alikula pale, akanyoa pale, na wageni walisalimiwa pale, wakitoa shikamoo zao kutoka mbali kidogo wasije wakakanyaga jani. Kichwani alivaa ile kofia yake ngumu ya Nyarugusu, ya njano, iliyokwaruzwa na miamba mia, asije, kama alivyosema, akakutwa hajajiandaa.

Nami nilicheka. Nakiri leo mbele yenu wote kwamba nilicheka.

Kwa maana alasiri moja mbingu ikawa nyeusi upande wa Kahama, upepo ukang'oa bati moja la Nestory, na bila onyo lolote mawe ya barafu yakaanza kushuka, makubwa kama karanga, kisha kama mayai ya njiwa. Kuku wakaingia ndani. Mbuzi wakaingia ndani. Mimi niliingia ndani nikasimama mlangoni nikimwita mume wangu kwa majina yake yote. Majani ya mitikiti yakawa yanatoboka kama karatasi. Mche wa kwanza ukakatika, wa pili ukakatika. Akabaki yeye na ule wa tatu, na lile limau lake, na kofia moja kwa vichwa viwili.

Nilimwona akisita, kama kwa muda wa Salamu Maria moja. Kisha akaivua ile kofia iliyomlinda miaka ishirini na miwili, akalifunika tikiti, akapiga magoti kando yake, upara wake wazi chini ya mbingu.

Yakampiga. Niliyasikia kutoka mlangoni: mengine kwenye kofia, ko, ko, mengine kwenye mume wangu, ambayo hayakuwa na mlio. Yalipokoma alikuja ndani na manundu saba, akajilaza, nikawa namkanda kwa maji ya chumvi. Aliuliza swali moja tu, na halikuhusu kichwa chake. Nikatoka, nikainua kofia, nikarudi nikamwambia limepona. Akalala kama mtoto.

Lakini maadui hawakwisha. Padre akatangaza kwamba mavuno mwaka huu ni Jumapili ya pili ya Mei. Tikiti lilikuwa limefika ukubwa wa ngumi mbili, juu ya mche uliobaki na majani manne. Nilipolipiga kwa kidole lilinijibu ti, ti, na tikiti lililoiva hujibu du. Nikamwambia, "Baba Noela, hili ni bichi. Liache wiki tatu liive tule, upeleke jingine mwakani." Akaniambia mwakani ana miaka sabini, na kwamba hajui mwakani ni nani atakuwa na kofia.

Ikatokea pia kwamba Alhamisi kabla ya mavuno binti yetu Noela, aliyeolewa Kahama, alimwita baba yake akachukue mchele. Akaenda kwa basi, akarudi na mfuko begani. Mtaa mzima ulimwona akishuka na mfuko. Ijumaa habari ilikuwa kisimani, Jumamosi ilikuwa kwa Serafina: Pantaleo ametoka tena sokoni.

Jumapili ikawadia. Alivaa koti. Alibeba tikiti ndani ya kofia yake ngumu, kama yai ndani ya kiota, nami nikatembea nyuma yake na kitenge changu kilichochoka, moyo wangu ukienda ti, ti. Kwenye mlango wa kanisa Serafina aliweka mkono mbele.

"Shemeji," akasema, si kwa ubaya, "mimi hutangaza mbele ya altare. Mwaka jana nusura uniponze niseme uongo kanisani. Hili limetoka wapi?"

Foleni ikasogea nyuma yetu ipate kusikia. Hata mtetea wa Mama Salome, aliyefungwa miguu, akainua shingo. Pantaleo akanyoosha mgongo.

"Mwenyekiti," akasema, "kwa ajili ya hili nimechimba duara nikazamishwa na mvua. Nimeungua Januari nzima. Nimempora mke wangu kitenge. Nimesimama chini ya mawe ya mbinguni nikiwa kichwa wazi, na manundu yangu unaweza kuyahesabu. Sina risiti nyingine." Kisha akatoa kisu mfukoni, akakata ubavuni mwa tikiti, ndugu zangu, kidirisha. Pembe tatu. Kilekile. Akakichomoa, akampa.

Ndani palikuwa peupe. Peupe kama tui, bila hata doa la wekundu, na mbegu laini kama meno ya mtoto. Nikafumba macho.

Serafina alikitazama kipande. Akakinusa. Akakiuma, kikalia kama tango, akatafuna polepole akiwa amekunja uso, watu wote wakimsubiri. Kisha nikasikia kicheko kinaanza tumboni mwake, kikapanda.

"Hili ni lako, shemeji," akasema. "Kahama nzima hakuna mfanyabiashara mwenye uso wa kuuza kitu kama hiki."

Akageuka kuelekea ndani, akavuta pumzi, na kengele ya kanisa ikawa haina kazi: "Pantaleo Mayala. Tikiti moja. Mavuno ya mikono yake."

Yote, mpaka la mwisho. Akatembea Mpasua Mwamba kati ya mabenchi, taratibu, kofia mbele kama kikombe cha mfalme, kidirisha wazi kwa ulimwengu wote, na kwaya, sauti zote nne, ikampokea. Waliokuwapo watawasimulia wasiokuwapo. Kule kwetu sasa mtu akitaka kutaja tarehe husema ilikuwa kabla ya tikiti, au ilikuwa baada.

Baada ya misa nililipika lile tikiti kwa karanga, maana kama tunda lisingelika, na Serafina aliomba aongezewe mara mbili. Mbegu zake Pantaleo alizihifadhi mwenyewe katika ile chupa ya dawa ya kikohozi, akaiweka juu ya kabati pamoja na kofia. Nyeupe zile hazitaota, hazikukomaa. Yeye hajui, wala sijamwambia. Nimezichanganya na nyeusi nne za lile tikiti la sokoni zilizokuwa zimebaki, na Novemba ikifika nitaficha sururu.