Kibali cha Kushuka Nantala

Kwa heshima na taadhima, naujulisha umma kwamba Ofisi ya Uratibu wa Mapumziko ya Nje ilifanikiwa kuleta utaratibu katika kilima cha Nantala, kule Ihanda, ambacho tangu enzi za mababu kilikuwa kikipandwa kiholela. Mimi ni Danieli, katibu wa ofisi hiyo. Naeleza kwa sababu huku mjini Tunduma habari hii inasimuliwa vibaya, tena kwa vicheko.

Chanzo ni foleni. Malori yaendayo Zambia husimama Mpemba siku tatu, nne, na dereva hana la kufanya ila kukaa kwenye kabini na kuvimba miguu. Mama lishe mmoja, Nesta, aliwaona wateja wake wanavyonyong'onyea, akazungumza na wenye Noah za abiria. Kisha akazungumza na Mzee Zebedayo, mkulima ambaye shamba lake la kahawa liko chini ya Nantala. Wakaunda Umoja wa Nyoosha Miguu. Noah zinawapeleka madereva kwa zamu, Mzee Zebedayo anawapandisha kilimani na kuwamiminia kahawa yake huko juu, wakishuka wanakuta kuku wa Nesta jikoni pale shambani. Ikafika mahali foleni ikifupika, madereva wananuna.

Mratibu Mkuu wetu, Bwana Mbonile, alishtuka sana.

"Watu wanapumzika bila kuratibiwa!" alisema.

Tulikaa kikao siku mbili, madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo. Tukaazimia fomu mbili: kibali cha kupanda na kibali cha kushuka, kwa kuwa hizo ni shughuli mbili zenye mielekeo tofauti. Cha kushuka husainiwa na Mratibu Mkuu mwenyewe, ofisini, akiwa ameketi. Umoja utakaomshusha mtu asiye na kibali unafutwa.

Nesta alikuja ofisini, akapiga goti kidogo, akasalimia.

"Bosi, mtu akipanda, si lazima atashuka?"

"Hiyo ni dhana, mama. Ofisi haifanyi kazi kwa dhana."

"Na mvua ikimkuta huko juu?"

"Mvua haimo kwenye fomu."

Akitoka, aliniinamia mezani. "Mwanangu Danieli, hicho kilima kinanisomeshea watoto wawili. Mkikifunga, mje mniambie nifanye nini." Niliandika kwamba mdau ameelimishwa.

Kibali kilichukua siku tano kutoka, na foleni siku nne. Kwa hiyo hakuna dereva aliyepanda. Wenye Noah walirudi stendi kugombea abiria, na Nesta akawa anarudi nyumbani na sufuria zilizojaa. Sisi tukaripoti mafanikio: ajali kilimani, sifuri.

Jumamosi moja Bwana Mbonile aliamua kuzindua utaratibu palepale kileleni. Umoja wote uliagizwa kumsindikiza, kila mmoja na vibali vyake mkononi, pamoja na Lucky, dereva Mzambia mwenye shehena ya mbolea, aliyeteuliwa kuwa mtalii wa mfano. Mratibu alivaa suti na viatu vya kikaoni. Alihutubia dakika hamsini kuhusu mnyororo wa thamani wa hewa safi. Alipomaliza, ukungu ulikuwa umemeza njia, manyunyu yameanza, na soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imebaki huko nyuma.

"Haya, tushuke," alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Kibali cha kushuka, bosi?" Nesta aliuliza kwa adabu zote.

Bwana Mbonile alijipapasa mifuko. "Mama, mimi ndiye ninayevisaini!"

"Ofisini, ukiwa umeketi," Mzee Zebedayo alimkumbusha.

Mratibu aliketi juu ya jiwe, akatoa kalamu.

"Jiwe si ofisi, mwanangu," mzee aliongeza.

Alinigeukia. Mimi cha kwangu nilikuwa nacho. Katibu makini hujiandaa mapema.

"Nishusheni! Ni amri!"

"Tukikushusha tunafutwa," alisema Nesta. "Umeandika wewe. Futa hizo fomu, tukushushe sasa hivi."

"Utaratibu haufutwi mlimani!"

Mvua ikashika kasi. Ndipo Lucky, mwenye miaka ishirini ya kuvuka mipaka, akakohoa.

"Awe, mukwai, hapana, mheshimiwa, msigombane. Kibali ni cha mtu. Mzigo hauhitaji."

Bwana Mbonile aliitazama njia, akautazama mguu wake. Kisha, kuliko kufuta fomu, akakubali kuwa mzigo. Niliandika tamko kwa mkono wangu: mzigo mmoja, kilo tisini na nane, haujafungashwa. Vijana wanne wa Umoja wakamlaza kwenye machela ya magunia ya kahawa, wakamfunika turubai, wakateremka naye polepole. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kazi.

Chini, jikoni kwa Nesta, madereva walioletwa kushuhudia uzinduzi walikuwa wamejibanza wakikwepa mvua. Harufu ya supu ya kuku ilikuwa imetanda. Bwana Mbonile alijiinua kwenye machela.

"Tulia kwanza, mukwai," Lucky alimwambia. "Mzigo husubiri kukaguliwa. Kuna magunia kumi na moja ya kahawa mbele yako."

Akasubiri, Mzee Zebedayo akiyakagua moja moja. Alitetemeka, akapiga chafya, akawatazama watu wanavyokunywa supu. Kwenye gunia la saba alisalimu amri.

"Mama Nesta," aliita, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kikaoni, "nifanyeje ili niwe mtu tena?"

"Omba, kama watu wanavyoomba. Na fomu zako uziondoe."

"Danieli," alisema bila kunitazama, "fomu zirudishwe ofisini kwa upembuzi zaidi." Ndivyo tunavyozika vitu. Kisha akamgeukia Nesta. "Naomba, mama."

Nesta alijaza bakuli hadi pomoni, akawapungia mkono madereva wawili waliokaa kwenye benchi.

"Sogeeni," alisema. "Mtu anataka kukaa."