Motokaa Isiyo na Klachi

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Furaha tele! Bwana Abdulrahmani, mwenye duka la vitambaa pale Chikongola, kanunua motokaa ya Kimarekani kwa mhandisi mmoja aliyerudi kwao. Haina klachi! Gia zinajibadilisha zenyewe! Anatafuta dereva. Nimemwambia nimeshaendesha tatu kama hiyo. (Moja nimewahi kuiona. Kwa mbali.) Majaribio Ijumaa, baada ya sala. Athumani, dereva mwenzangu, kacheka mpaka kakaa chini. Nikaacha kazi ya lori papo hapo, asije akasema nina wasiwasi.

Jumanne, 4 Agosti

Nimekwenda kwa fundi Shabani. Nikamuuliza, kwa kuzunguka, gari lisilo na klachi linakwendaje. Akasema ni mafuta. Ndani mna feni mbili zinazotazamana, zimezama kwenye mafuta. Injini inazungusha ya kwanza, ya kwanza inayasukuma mafuta, mafuta yanaizungusha ya pili, na ya pili ndiyo inayopeleka magurudumu. Ajabu! Alipofika kwenye herufi za mkono wa gia nikamkatiza. Herufi nazijua. Nimefika darasa la nne mimi!

Jumatano, 5 Agosti

Nimechungulia dirishani mwa motokaa. P, N, D, L, R. Rahisi mno! P ni Pumzika. N ni Nenda. D ni Dumaa. L ni Lala. R ni Ruka, kwa ajili ya mashimo. Nimeziimba njia nzima. Mama kaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 7 Agosti

Aibu! Shangani nzima ilikuwepo pale ufukweni. Bwana Abdulrahmani kakaa kando yangu. Mama yake, Bi Mwasiti, nyuma, na sinia la mikate ya kumimina. Nikaiwasha kwenye Pumzika. Nikaweka Nenda. Nikakanyaga mafuta. Ikanguruma, haikwenda. Bwana akauliza kulikoni. Nikamwambia feni bado zinajuana. Nikakanyaga zaidi. Athumani akapaza sauti kwamba yuko tayari kusukuma. Hasira zikanipanda. Labda magurudumu yamenasa mchangani! Nikatia Ruka.

Lahaula! Tuliruka kweli. Kinyumenyume, mpaka baharini! Maji yakafika kwenye viti. Bi Mwasiti, sinia kalinyanyua juu, akaniuliza nahodha anatushusha bandari gani.

Shabani akaja kutuvuta. Eti D ndiyo ya kwenda, ni Kiingereza. Ningejuaje? Kazi kapewa Athumani. Lori langu kapewa shemeji yake. Roho imeniuma, hata chakula sikugusa.

Jumapili, 9 Agosti

Nimetafakari. Kosa si langu. Herufi tano ni nyingi mno kwa gari moja.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Bandarini wanataka mwendesha winchi. Nimewaambia nimeshaendesha nne. Mkono wake una herufi mbili tu, U na D. Shabani kataka kunieleza, eti nazo ni za Kiingereza, nikamwambia asijisumbue. U ni Ushushe. D ni Dandia, yaani panda juu. Kwisha!

Naanza kesho asubuhi. Mzigo wa kwanza ni piano ya hakimu, na hakimu mwenyewe atasimama chini yake kuipokea.