Chupa Sita za Kuua Ukungu

Jumanne, 6 Juni
Nimepoteza mifuko tisa ya uyoga leo, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Ukungu wa kijani. Tisa kati ya arobaini! Na Jumamosi mpishi mkuu wa hoteli anakuja kuchagua nani atamletea uyoga mwaka mzima: mimi au jirani yangu, Mwalimu Mstaafu. Mifuko yake haina hata doa. Eti siri ni kunawa mikono kwa sabuni. Mikono! Banda hili nimelijenga kwa mikono hii hii, bila msaada wa mtu.

Jumatano, 7 Juni
Nimemwendea shemeji, mdogo wa mke wangu, mfamasia. Ana dawa ya maji, ya njano, ya fangasi za mdomoni. Akanieleza: chembe zake hunasa kwenye mafuta fulani ya utando wa seli za kuvu, zinajipanga duara kama mbao za pipa, katikati panabaki tundu. Chumvi za ndani zinavuja, kuvu kwisha! Mafuta yetu sisi watu ni mengine, hivyo haitudhuru. Chembe nane hivi, tundu moja. Hesabu ya namna hiyo naielewa. Nikachukua chupa sita. Akauliza anaumwa nani. Nikasema dada yako. Watu wana midomo, biashara ni siri.

Alhamisi, 8 Juni
Nimepulizia mifuko yote thelathini na mmoja, mara mbili. Chupa tano. Mwalimu akachungulia juu ya ukuta: "Jirani, leo uyoga unapakwa manukato?" Acheke tu.
Shemeji kampigia mke wangu simu kumpa pole ya mdomo. Nahamia sebuleni.

Ijumaa, 9 Juni
Ukungu umekufa wote. Uyoga pia! Umenywea kama soksi zilizoloa. Nikampigia shemeji, dawa yako mbovu. Akajibu: "Shemeji, kwani ulidhani uyoga ni kabichi? Uyoga ni kuvu! Kama ukungu, kama hamira. Mafuta yale yale." Si angesema mapema! Eti mimi nilimtajia mdomo wa dada yake. Visingizio.

Jumamosi, 10 Juni
Kachaguliwa Mwalimu. Kanawa mikono mbele ya mpishi, makusudi kabisa!
Lakini mpishi kaonja mkate wa mke wangu, kausifu. Jumatatu anataka mikate ishirini ya majaribio, ikae siku nne bila ukungu. Bila ukungu! Na mimi nimebakiwa na chupa moja.

Jumapili, 11 Juni
Saa moja asubuhi nimemimina chupa nzima kwenye unga, mke wangu akiwa anaoga. Sasa saa nne, unga umelala kama jiwe. Haukuumuka hata kidole! Mke wangu analia. Hii si bahati mbaya, ni hujuma. Jana Mwalimu aliingia jikoni kwetu kuomba chumvi. Nimepitisha barua chini ya mlango wake: Umeigusa hamira yetu, ndiyo au hapana? Sitaki hadithi. Nataka jibu kabla ya saa sita kamili mchana.