Kitukuu wa Fimbo Moja

Siku kile kitongoji kilipotangazwa rasmi kuwa mji kamili, wakazi walipiga honi, wakapaka kuta rangi, wakapongezana kana kwamba wamezaa wote kwa pamoja. Furaha ilidumu mpaka mtangazaji wa redio alipomsogezea Mwenyekiti wa baraza kipaza sauti na kumuuliza, "Mheshimiwa, mji wenu huu ulianzaje?"

Mwenyekiti akakohoa. Akakohoa tena. Kisha akasema kwamba hilo ni suala nyeti na litaundiwa kamati.

Mgahawani karibu na stendi, bwana mmoja mwenye miwani alikisikia kikohozi kile redioni, akaweka kikombe cha chai chini taratibu. Bwana huyu hakuwa mgeni wa riziki za ujanja. Huko alikotoka aliwahi kuuza dawa ya kuotesha nywele kwa wenye vipara, na walipochoka kungoja akawauzia vitana ili zisije zikaota wakiwa hawajajiandaa. Miwani yake ilikuwa vioo vya dirisha vilivyokatwa vizuri. Majina aliyoachiwa na watu wa kwao hayaandikiki. Hapa aliamua kuitwa Msomi.

"Hawa," alijiambia, "hawana babu. Na pesa wanazo."

Si kwamba asili ya mji ilikuwa siri. Upande wa mashariki palikuwa na machimbo ya kokoto, upande wa magharibi jalala la jiji kubwa. Wavunja kokoto walijenga vibanda katikati na kuviezeka kwa mabati waliyookota jalalani. Baadaye viwanja vya jijini vikawa havishikiki kwa bei, wenye nafasi wakahamia huku, lami ikawafuata. Jalala likafukiwa, likapandwa majani, likagawanywa viwanja na kuitwa Bustani ya Juu. Watoto wa vibandani wakakua wakawa wenye maduka, wenye malori, wenye kumbi. Ilikuwa historia ya watu wachapakazi isiyo na aibu ndani yake hata chembe, na pengine ndiyo maana hakuna aliyeitaka.

Kesho yake Msomi alikuwa ofisini kwa Mwenyekiti, suruali imepigwa pasi, kigae cha chungu kimeviringishwa kwenye kitambaa cheupe.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti ya msibani, "mmekalia historia."

Mwenyekiti alijiinua kidogo akachungulia kiti chake.

"Miaka mingi nimemfuatilia mtu mmoja," Msomi aliendelea. "Mzee Fimbo Moja. Alitoka mbali na wenzake saba, akapanda kile kilima cha Bustani ya Juu..."

"Kile si kilima, bwana. Kile ni taka zilizofukiwa."

"Juu, mheshimiwa, ni taka. Mimi nazungumzia chini."

Mwenyekiti alikaa tena taratibu. Neno lile lilimwingia.

"Akachomeka fimbo yake ardhini, akasema: hapa patakuwa mji, na barabara zake zitakuwa za lami."

"Alisema lami? Enzi zile?"

"Alikuwa anaona mbali sana yule mzee."

Kufikia adhuhuri kamati ilikuwa imeundwa. Mwenyekiti alikuwa mkuu wake; mweka hazina alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye ukumbi wa harusi, ambaye kila mtu alimwita Mama Ukumbi; na msemaji wake alikuwa tajiri wa vigae na masinki, Mwenye Vigae. Ikaamuliwa lijengwe Jumba la Mwasisi, mlangoni isimame sanamu ya Fimbo Moja, na ukutani libandikwe jiwe la marumaru lenye majina ya wenzake saba.

"Majina yenyewe ni yapi?" aliuliza Mama Ukumbi.

"Bado utafiti unaendelea," alijibu Msomi, akavua miwani na kuipangusa. "Na utafiti, mama, una gharama."

Mwenye Vigae hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Siku ileile alibisha hodi kwenye chumba alichopanga Msomi, akakaa ukingoni mwa kitanda kwa kuwa kiti hakikuwepo.

"Kaka Msomi, marehemu babu yangu alikuwa na mguu mbovu."

"Wa kushoto?"

"Wa kulia."

"Ndiye!" Msomi alipiga paja lake. "Katika wale saba kuna mmoja alikuwa anachechemea. Nimemtafuta sana huyo mtu. Kumbe damu yake ndiyo inayotuuzia masinki!"

Mwenye Vigae alilia machozi ya kweli. Babu yake alikuwa amevunjwa mguu na jiwe kule machimboni, akafa akilalamikia ujira wake. Sasa alikuwa ameumia safarini, akiwa ameibeba mizigo ya mwasisi. Tajiri aliacha bahasha kitandani, akatoka akichechemea kidogo, kwa heshima.

Mama Ukumbi alikuja kuuliza kama wale saba walikuwa wanaume watupu. "Nani amekudanganya?" alisema Msomi. Basi bibi yake akaingia. Wakafuata mwenye malori, mwenye shule, daktari wa meno, na mke wa Mwenyekiti kwa niaba ya ukoo wa kwao ambao haukuwa ukielewana na ukoo wa mumewe. Wale saba walipofika kumi na tisa, wengine wakaanza kunung'unika. Msomi akawatuliza kwamba wazee wa zamani walikuwa wanahesabu viongozi tu. Wapishi na wachota maji hawakuhesabiwa. Kila familia ikaridhika, ikijua kwamba wapishi ni wale wa familia nyingine.

Hizo bahasha zilikuwa vitafunio. Mlo wenyewe ulikuwa ile michango ya sanamu, ambayo Mama Ukumbi aliifungia kabatini ukumbini kwake. Kamati ilikuwa imekubali kwamba siku ya kuweka jiwe la msingi, Msomi akabidhiwe zote awapelekee wachongaji wa mbali. Na kweli alinuia kwenda mbali.

Jambo moja tu hakulitarajia: alianza kumpenda Fimbo Moja. Akiwa mgahawani alikuwa akimwongezea hiki na kile, leo ndevu, kesho kupenda chai kali. Mtu akikosea habari za mzee huyo, Msomi alikasirika na kumsahihisha hata pale ambapo hapakuwa na faida yoyote.

Siku mbili kabla ya sherehe, kamati ikiwa kikaoni ukumbini kwa Mama Ukumbi, mlango uligongwa. Aliingia mwanamke wa makamo, gauni jeusi, viatu vimejaa vumbi, mkononi kitu kirefu kilichofungwa kwenye kanga iliyopauka.

"Samahanini sana," alisema. "Nimesikia redioni mnamtaja babu yake baba yangu. Nikasema niwaletee kitu chake, maana mimi sina mtoto wa kumwachia."

Akafungua ile kanga. Ndani mlikuwa na fimbo.

Mama Ukumbi alipiga vigelegele. Mwenye Vigae alipiga magoti, goti bovu likitangulia. Msomi alivua miwani, akaivaa tena.

Mgeni alikaribishwa kiti, akaanza kusimulia. Sauti yake ilikuwa ndogo. Ilibidi watu wainame kumsikia. Alieleza jinsi mzee alivyopenda kukaa peke yake alfajiri, na jinsi alivyokuwa akiwaogopa vyura.

"Vyura?" alishangaa Mwenyekiti.

"Mno, baba. Ndiyo sababu ya kupanda kilimani. Watu wanadhani alikuwa anatafuta mji. Alikuwa anawakimbia vyura wa bondeni."

Kamati ilicheka, kisha ikapangusa machozi. Msomi peke yake hakucheka. Aliona wivu. Wiki nzima alikuwa amehangaika kumtafutia mzee sababu ya kupanda kile kilima, na huyu mama ameitoa mfukoni kama leso. Vyura! Mtu mzima anayeogopa vyura, nani asingemwamini?

"Msomi," Mwenyekiti alimgeukia, "mtaalamu ni wewe. Hebu itazame. Fimbo ndiyo yenyewe?"

Macho yote yakamwelekea. Msomi aliishika ile fimbo. Ilikuwa mpini wa fagio uliopakwa mafuta, na tundu la msumari lilikuwa bado linaonekana. Akitaka kusema si yenyewe, ataulizwa yenyewe ikoje na amejuaje.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

Kikao kilipoahirishwa alimfuata mwanamke ukumbini nyuma, kwenye korido ya jikoni penye viti vilivyopangwa hadi darini.

"Mama, wewe si kitukuu wa Fimbo Moja."

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu..." Msomi alitazama kushoto na kulia. "Unajua mwenyewe."

"Sijui. Nisaidie. Rudi ndani uwaambie, nami nisikie." Macho yake yalikuwa yanacheka, uso umetulia kama wa mtu aliye ibadani. "Au babu alikufa bila watoto? Basi sema. Ila wataniuliza mimi na wewe nani anamjua zaidi, na mwenye fimbo ni mimi."

Msomi aliegemea viti. Miaka yote ya kazi hakuwahi kukutana na mtu wa fani yake aliyeiva namna ile. "Unataka nini?"

"Unachotaka wewe. Michango watanipa mimi, siyo wachongaji. Wewe pendekeza tu. Tugawane nusu kwa nusu, kila mtu ashike njia yake. Lakini kaka, yule mama mnene bado ananikagua viatu. Wewe wanakuamini. Ukitangulia kunitunza mbele ya watu, hakuna atakayebaki nyuma."

"Nitoe changu?"

"Kinatoka kwa mlango, kinarudi kwa dirisha."

Ilikuwa lugha yake mwenyewe. Alikuwa ameitumia kwa wenye vipara. Lakini mtu anayevisha wengine kilemba cha ukoka hasikii joto akivishwa chake, na neno lile "wanakuamini" lilimwingia vizuri mno.

Siku ya sherehe watu walijaa Bustani ya Juu, juu ya majani, juu ya taka, juu ya kila kitu kilichokuwa chini. Msomi alisimama akapendekeza kwamba sanamu isubiri. Kwanza damu ya mwasisi ifutwe machozi. Akafungua mkoba wake, akamwaga bahasha zake zote miguuni pa mwanamke. Umati ukalipuka kwa vigelegele. Mama Ukumbi, kwa kuona aibu ya kushindwa na mpangaji wa chumba kimoja, aliagiza michango iletwe kutoka kabatini papo hapo. Mwenye Vigae akavua saa. Mke wa Mwenyekiti akavua bangili, akamtazama mumewe mpaka naye akavua pete.

Mwanamke alimkumbatia Msomi kwa kwikwi. "Saa kumi nyuma ya stendi," alimnong'oneza. "Usichelewe."

Kisha akaomba gari limpeleke kaburini kwa bibi yake ili akamshukuru. Mwenyekiti akatoa la kwake, lenye bendera.

Saa kumi Msomi alikuwa nyuma ya stendi. Saa kumi na moja alikuwa bado yuko. Muuza mahindi alimpa ndoo akalie. Mabasi yaliondoka, jua likashuka, muuza mahindi akaihitaji ndoo yake. Dereva wa Mwenyekiti alirudi kesho yake asubuhi: mama alishukia njia panda, akapanda basi lililokuwa limeshawasha injini, na alikuwa amembariki sana. Alikuwa ameiomba pia ile bendera, iwe kumbukumbu.

Mtu mwingine angeondoka kimyakimya. Msomi alishindwa. Kuibiwa alikuwa anakujua kwa upande wa pili. Upande huu ulimchoma rohoni. Aliingia kikaoni bila kupiga hodi, nywele timutimu.

"Yule mwanamke ni tapeli!"

"Kitukuu wa mwasisi?" Mwenye Vigae alisimama.

"Hakuna mwasisi! Fimbo Moja nilimtunga mimi, mgahawani, kati ya kikombe cha kwanza na cha pili. Hakukuwa na saba wala kumi na tisa. Ile fimbo ni fagio!"

Mama Ukumbi alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Na bibi yangu?"

"Bibi yako aliokota mabati, mama! Wote waliokota. Na babu yako wewe alivunjwa mguu na kokoto. Mji wenu umetoka jalalani, kila mtu anajua, hata nyinyi mnajua!"

Mwenyekiti alizitazama nyuso za wenzake moja baada ya nyingine. Kila uso ulikuwa umeelewa. Na kila uso, baada ya kuelewa, ulikuwa unajifunga polepole kama duka wakati wa vurugu.

"Bwana huyu," alisema hatimaye, "amechanganyikiwa kwa masomo."

"Amemtukana babu yangu," alisema Mwenye Vigae. "Mguu alioumia akiwabebea nyinyi!"

"Mimi ndiye niliyekupa huo mguu!" alipiga kelele Msomi.

Walimtoa kwa mikono yao wenyewe, na Mwenye Vigae, kwa mara ya kwanza tangu alipogundua ukoo wake, hakuchechemea hata kidogo. Miwani ilibaki kwenye ngazi. Msomi akaondoka mjini kwa miguu kufuata ile lami, watu wakimzomea kutoka milangoni.

Jumba la Mwasisi lilijengwa kwa michango mipya, sanamu ikasimamishwa na chura mdogo miguuni, na shule zikaandikiwa kitabu. Kina sura ya vyura, sura ya wale saba na wapishi wao, na sura ya mwisho kuhusu adui mwenye miwani aliyekuja kumkana mwasisi akafukuzwa. Wanafunzi huikariri yote kwa mtihani. Kati ya watu wote wanaotajwa mle, yule adui ndiye pekee ambaye mambo yake yameandikwa kama yalivyokuwa.