Suti Ambayo Haikuibwa

Idara ya Sera ya Polisi na Utulivu wa Raia iliwatangazia wakazi wote wa Voi, kwa heshima na taadhima, kwamba wizi umekwisha. Tangazo lilibandikwa kwenye lango la idara, ambalo wiki hiyo lilifungwa kwa kamba kwa sababu kufuli lilikuwa halionekani.

Aliyeumaliza wizi ni kaimu mkurugenzi, Bwana Titus Mwandawiro. Hakumkamata mtu. Aliandika tu sera kwamba anayetaka kuripoti wizi aje na mashahidi wawili waliouona ukitendeka, aje na mzee wa mtaa wake, na ikiwezekana aje na mwizi mwenyewe. Tangu hapo ripoti zikakauka kama mto Voi wakati wa kiangazi.

Sasa kiti chake kilikuwa kimetangazwa, na Titus, baada ya miaka mingi ya ukaimu, alipaswa kukiomba kwenye mahojiano kama mtu yeyote. Alijiandaa haswa. Jioni mkewe Priscilla alimuuliza maswali huku akichambua mchicha, naye akajibu amesimama wima mbele ya friji. Changamoto ni ipi? Uhaba wa hamasisho. Suluhisho? Kuimarisha mifumo. Na raia wakizidi kulalamika? Kuimarisha zaidi.

"Na mimi nikiibiwa?" Priscilla akauliza.

"Swali hilo halimo," Titus akasema.

Siku moja kabla ya mahojiano, mchana, Priscilla aliianika uani suti ya Titus ya mahojiano itoke harufu ya kabati. Alipotoka kuigeuza, alikuta vibanio tu.

Titus alifika kituoni akihema. Akaieleza suti kwa sauti ya mtu aliyefiwa: ya bluu, mistari myembamba, bitana nyekundu. Sajini Koki alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamuuliza mashahidi wako wapi. Titus akamkumbusha yeye ni nani.

"Najua, mkubwa. Ndiyo maana naogopa kukosea," Koki akasema. "Na mzee wa mtaa?"

Mzee wa mtaa alikuwa matangani Mwanda. Koki akamwonyesha Titus benchi. Hapo alikuwa ameketi Nthenya, fundi wa nguo aliyeibiwa cherehani na ambaye, kwa bahati mbaya, alikuwa na shahidi mmoja tu. Akasogea kumpisha. Alimwambia kwamba tangu cherehani iende, anawafulia watu nguo, na karo ya mtoto imekwama. Titus akamwahidi kuimarisha mifumo.

Asubuhi aliingia mbele ya jopo akiwa na koti la kwaya aliloazima kwa shemeji yake Reuben. Lilikuwa la zambarau, na mikono yake iliishia karibu na viwiko. Alijibu kila swali bila kukwama. Mwenyekiti, Bi Faiza, alionekana kuridhika, ila macho yake hayakubanduka kwenye lile koti. Mwishowe akauliza kulikoni.

"Suti yangu iliibwa jana," Titus akasema kabla hajajizuia.

Bi Faiza akafungua takwimu ambazo Titus mwenyewe alikuwa ameziwasilisha. "Hapa unasema Voi hakuna wizi. Sasa, Bwana Mwandawiro, tuamini takwimu au tuamini suti?"

Titus akaiona miaka yote ya ukaimu ikipita mbele yake. "Haikuibwa," akasema. "Nilipitiwa."

Mara mlango ukabishwa. Waliingia Sajini Koki na Nthenya, na katikati yao jamaa mmoja mwembamba aliyevaa suti ya bluu yenye mistari myembamba. Nthenya alikuwa amemwona sokoni, akaitambua suti kwa yale aliyoyasikia kituoni, akamkamata ukosi. Walikuwa wamepatikana hata watu wawili waliomwona akiruka ua, na mzee wa mtaa alikuwa njiani kutoka Mwanda. Utaratibu ulikuwa umekamilika. Alikosekana mwenye suti tu.

"Ni yako?" Bi Faiza akauliza.

Titus aliitazama ile bitana nyekundu. Alikijua mpaka kifungo kilicholegea.

"Siijui hii suti," akasema.

Nthenya alimtazama, kisha taratibu akauachilia ukosi wa yule jamaa. Koki akasema kwamba bila mlalamishi hana la kufanya.

Kwa kuwa jopo lilitakiwa kusikia maoni ya mwananchi, na mwananchi alikuwa hapo, Bi Faiza akamuuliza yule jamaa anaionaje sera ya Bwana Mwandawiro.

Jamaa akalinyoosha koti. "Kusema kweli, mama, mimi sina malalamiko. Msiibadilishe."

Akashukuru, akaaga kila mtu kwa mkono, Titus akiwemo, akaondoka zake.

Bi Faiza akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba kazi hii inamtaka mtu anayeweza kulitambua tatizo hata likimpa mkono. Akamvutia Nthenya kiti, akamwomba aeleze kisa chake tangu mwanzo, bila haraka. Wanajopo wote wakamgeukia.

Titus alibaki pale amekaa, akingoja kuambiwa atoke. Hakuna aliyekumbuka kumwambia.