Tuni ya Honor Gilvarry

Jumatatu, 6 Novemba 1961

Mwanangu Dympna amepuliza filimbi! Tangu tumzike baba yake Januari, filimbi iko chini ya kitanda ndani ya soksi ya marehemu, na mtoto hasemi zaidi ya ndiyo na hapana. Leo nilikuwa nakamua, nikasikia. Nikaacha ndoo. (Ng'ombe akaipiga teke. Na aipige.) Tuni ngeni kabisa. Inazunguka, inazunguka, halafu inasimama ghafla kama mtu aliyesahau kitu mlangoni. Nilimuuliza kaitoa wapi. Akasema hajui, vidole viliijua tayari.

Mpango: apige Jumamosi kwenye mashindano ya muziki ya parokia. Akishapiga mbele za watu, hataweza kuirudisha kwenye soksi.

Jumanne, 7 Novemba

Nimempeleka kwa mzee Thady Kivlehan, ndiye anayeandikisha wapigaji. Tuni yoyote ukimpigia kidogo tu anakutajia jina, ilikuwa ya nani, na mwenyewe alikuwa na tabia gani. Leo alifumba macho. Akaomba irudiwe. Kisha akainuka, akafunga mlango wa nyuma, ule unaotazama kilima.

Akasema kwa upole kwamba tuni isiyo na jina wala mwenyewe ni ya wale wa kilimani, wasio binadamu, na yeye hawezi kumwandika mtoto aliyefiwa juzijuzi apige kitu chao hadharani. Afadhali filimbi ipumzike.

Nikaona uso wa Dympna unafungwa kama duka. Mdomo wangu ukafanya kazi bila kuniuliza.

"Ina mwenyewe, Thady. Ni ya Honor Gilvarry."

Hakuna Honor Gilvarry. Honor ni kuku wangu wa madoadoa. Gilvarry nililiona kwenye gunia. Thady akauliza wa wapi. Nikasema kule nyuma ya ziwa, alikufa zamani. Akaandika. Uongo mdogo! Nitauungama wiki ijayo.

Jumatano, 8 Novemba

Packie Joe wa posta kasimama kunywa chai. Kasikia mtoto atapiga tuni ya Honor. Akasema anamkumbuka vizuri sana: mwanamke mrefu, koti la kiume, mkono wa kushoto umepungua kidole kimoja, na haingii nyumbani kwa mtu mpaka aitwe mara tatu. Nikacheka, nikasema huyo huyo.

Alipoondoka nikasogeza kiti karibu na moto. Mimi sikutaja koti.

Dukani nimewakuta watatu wanaomkumbuka. Kidole kile kile.

Alhamisi, 9 Novemba

Concepta Feehily! Anatangaza kwamba Honor ni shangazi ya mama yake. Kwa hiyo tuni ni ya ukoo wao, na mwanawe Malachy ndiye wa kuipiga, kwa kodiani. Tena ameshamwandikisha Honor kwenye orodha ya marehemu wanaoombewa Novemba, Padri aisome Jumapili. Nimjibu nini? Kwamba shangazi yao ni kuku?

Mpango mwingine. Nikamwendea Thady, nikamwambia Honor aligombana na akina Feehily kisimani, akaapa mkono wao hautaigusa tuni yake. Thady akajikuna kidevu. Akasema enhe, sasa inamrudia, ugomvi ule ulitokea mbele ya macho yake.

Malachy amefutwa. Nimeoka mkate wa zabibu.

Ijumaa, 10 Novemba

Concepta kaja mwenyewe, shali kichwani, hana hata kejeli moja. Kodiani ya Malachy imejaa maji ya kisima, na ilikuwa juu ya kabati. Moto wao hauwaki tangu jana. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mena, hivi Honor alikuwa mtu wa kusamehe?"

Nilitaka kumwambia kweli. Nikaiwaza ile soksi. Nikasema alikuwa mgumu kidogo, ila watoto wa watu aliwapenda mno. Hilo nimelitia makusudi, limlinde Dympna.

Mchana nikakuta tuni imebadilika. Haisimami tena mwishoni, inapita. Nikauliza nani kamfundisha.

"Yule mama wa koti. Alisema nakosea kipande cha pili."

Nikauliza aliingiaje. Akasema, "Nilimkaribisha mara tatu, mama. Mvua ilikuwa inamnyeshea."

Kiti cha baba yake kilikuwa kimelowa. Na Dympna anatabasamu, mara ya kwanza tangu Januari. Utamfanya nini mtoto anayetabasamu? Nimekikausha kiti.

Jumamosi, 11 Novemba

Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Dympna akapiga. Hakuna aliyegonga mguu kufuata mdundo. Wote walikuwa wanatazama pembeni yake kidogo, juu kidogo, mahali ambapo mtu mrefu angesimama.

Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nilisikia vizuri. Mtoto anaposhusha filimbi kuvuta pumzi, tuni haikatiki.

Ameshinda! Thady alimpa mkono. Kisha akavua kofia na kuinamisha kichwa kwa mwingine.

Jumapili, 12 Novemba

Padri Lavelle akasoma orodha ya marehemu. Alipofika kwa Honor akatazama mabenchi ya nyuma, akaruka jina. Baada ya misa akanivuta kando. Alitaka kujua ni utani gani huu wa kumwandika marehemu mwanamke aliyekaa benchi la mwisho, anamtazama.

Sikugeuka. Nimetokea mlango wa pembeni.

Jumatatu, 13 Novemba

Dympna anasema Honor anataka kumchukua nyumbani kwake nyuma ya ziwa, ajifunze tuni zilizobaki. Nikauliza kwa muda gani. Akasema Honor hakusema muda.

"Anavipenda vidole vyangu, mama. Anasema vimetimia."

Nimemkatalia. Akaitazama soksi. Tangu filimbi itoke ilikuwa juu ya kabati, na mimi nikaitazama. Kila ninakogeukia mtoto anapotea!

Basi nikaenda kwa Thady, nikasema ukweli wote, kuku na gunia. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema Honor alipita asubuhi, akamwonya kwamba ningekuja na hadithi hiyo.

Jumanne, 14 Novemba

Nimeipata njia. Ajabu sikuiona mapema.

Dympna ana tuni nyingine, nayo haina jina. Nimempelekea Thady: ni ya Bartley Gilvarry, mume wa Honor, yuko Boston miaka thelathini, na sasa anarudi kumchukua mkewe. Nimempa moyo mwema. Nimempa miguu yenye nguvu na haraka ya kuondoka. Safari hii nimepanga kila kitu. Thady akaandika, akasema ni vizuri kusikia habari za Bartley, alikuwa na meno mazuri.

Jumatano, 15 Novemba

Packie Joe kaleta barua ya Boston. Karatasi imelowa lakini inasomeka. Bartley anashukuru sana kwa kukumbukwa. Anafika Ijumaa. Anasema yeye na Honor hawakujaliwa mtoto, na anauliza kama Dympna ana koti la safari au wamletee.

Nimekaa na barua mpaka chai ikapoa. Kosa langu nimeliona. Nilimpa moyo mwema, nikasahau kumpa mtu wa kumkataza.

Bartley anahitaji mama. Mwanamke mkali, asiyetaka watoto wa watu nyumbani kwake.

Nimemuuliza Dympna kama anayo tuni nyingine isiyo na jina. Anayo. Thady yupo nyumbani mpaka saa kumi, nikikimbia nitamkuta.