Zamu ya Saa Tisa

Jumatatu, 27 Machi

Shemeji Puring amefika kutoka Lucena na mwavuli wake na mfuko wa mikate. Ni dada mkubwa wa marehemu mke wangu, Perla. Siwezi kumwambia siko nyumbani, maana kazi yangu ya kutengeneza feni naifanyia sebuleni. Aliwatazama watoto wote wanane, mmoja mmoja, akasema anataka kusikia kila mtu akisoma.

Saba walisoma. Wa nane, Ligaya, anayetimiza miaka saba mwezi Mei, alitazama ukurasa, akatazama dari, akasema herufi zimelala.

Shemeji hakucheka. Alinivuta kando, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Perla alikuwa mwalimu na alijua anachokifanya alipoamua kuwafundisha hapa nyumbani, lakini mimi, shemeji yake mpendwa, ni fundi feni. Atarudi Jumatano ya Juma Kuu. Kama Ligaya bado hasomi, wadogo wanne watahamia kwake. Shule iko mbele ya mlango wake. Akasema si adhabu. Akasema vitanda ameshanunua.

Nikasema sawa. Huwa nasema sawa ninapoogopa.

Siku tisa.

Jumanne, 28 Machi

Mpango wa kwanza: ratiba. Wenceslao, jirani wa ng'ambo ya barabara, anafundisha wanawe nyumbani. Ana ratiba, kengele, na medali anazowabandika kifuani kila Ijumaa. Lakini yeye ana watatu. Ratiba yangu mimi imetoka na ukubwa wa mlango.

Niliibandika ukutani kwa gundi ya wali, kama Perla alivyokuwa akibandika michoro ya watoto. Perla alikuwa akitia kitu fulani ndani yake ili sisimizi wasije. Sikuwahi kumuuliza ni kitu gani. Nilidhani kuna muda.

Kufikia saa nne sisimizi walikuwa wameshamaliza Hesabu na wameingia Sayansi. Kufikia adhuhuri ratiba yote ilikuwa sakafuni na kuku amesimama juu ya Jumatano. Watoto walilala kifudifudi wakihesabu sisimizi. Amparo, binti yangu mkubwa, akasema basi nisihuzunike, Hesabu imefundishwa.

Wenceslao aliuliza kutoka dirishani kwake kama kwetu leo ni sikukuu.

Jumatano, 29 Machi

Mpango wa pili. Mtoto hutaka anachokatazwa, kila mtu anajua hilo. Nimekusanya vitabu vyote, hata vile vya Perla vyenye jina lake kwa penseli, nikavifukia kwenye pipa la mchele. Nikatangaza kwamba kusoma ni marufuku. Kisha nikavaa miwani, nikajifanya nafungua feni, nikasubiri wizi.

Hakuna aliyeiba! Sikujua watoto wangu ni watiifu kiasi hiki. Walikwenda nje wakacheza kulenga kopo kwa kandambili tangu asubuhi hadi jua lilipozama. Amparo alikuja mara moja tu kuniuliza, kwa heshima zote, kama maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni nayo yamekatazwa, maana anataka kufua.

Alhamisi, 30 Machi

Wali wa mchana ulikuwa na nusu ya ukurasa wa yaliyomo. Marufuku imeondolewa.

Baada ya kula, wanangu mapacha walimpandisha Ligaya kwenye bembea ya kamba wakaanza kumsomea. Hiyo ilikuwa saa ya Perla. Kila siku, vyombo vikishaoshwa, alijilaza kwenye bembea na kitabu. Aliyekuwa bado hajui kusoma alilala kifuani kwake, na wanaojua walikaa sakafuni. Mmoja alipojifunza, alishuka, na anayemfuata akapanda. Wote wanane wamepita hapo. Alikuwa akifuata mistari kwa kidole, na kidole chake kilikuwa na harufu ya vitunguu saumu.

Walicheka sana leo. Mimi sikufanya lolote, kwa hiyo siwezi kuliandika kama mpango.

Jumapili ya Matawi, 2 Aprili

Mpango wa tatu, na huu ni mpango hasa.

Juma Kuu limeanza. Kwenye kikanisa cha mtaa wetu yale Mateso ya Bwana yatasomwa kwa kuimba, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bila kukatisha, familia zikipokezana. Shemeji Puring hajawahi kukosa. Nimeandikisha familia yetu Jumatano saa tisa alasiri. Hakuna aliyekuwa akiitaka saa hiyo kwa sababu ya joto.

Sasa sikiliza, ewe daftari. Kitabu kile hakirukwi. Kusoma kunaanza Jumanne saa kumi na mbili asubuhi. Mtu mwenye penseli na akili anaweza kujua saa tisa ya Jumatano watakuwa ukurasa gani. Nimepiga hesabu mara tatu: mia moja arobaini na mbili. Nimeazima nakala ya kitabu, nimechagua beti mbili, na Ligaya atazikariri.

Amparo alisema, Baba, huo ni udanganyifu. Nikamwambia ni hesabu.

Jumanne, 4 Aprili

Ligaya ameshakariri. Anaziimba akioga, anaziimba akilisha kuku. Hata kuku wangefaulu.

Asubuhi nilisimama nje ya kikanisa na saa ya mkononi kupima mwendo. Akina mama wazee walikuwa wakiimba taratibu mno, jasho likiwatiririka, kama watu wanaokunja shuka kubwa. Dakika kumi na nne kila ukurasa. Sawasawa kabisa na hesabu yangu.

Wenceslao akapita, akaniuliza nafanya nini hapa na saa. Nikasema nimekuja kutengeneza feni ya kikanisa, imekufa tangu mwaka juzi. Basi ikabidi niitengeneze. Inapuliza vizuri sana. Nana Sepa, ambaye ndiye msimamizi wa zamu, alinibariki mara mbili.

Jumatano, 5 Aprili

Tulifika sote tisa, nguo zimepigwa pasi. Shemeji Puring alikuwa benchi la mbele, mwavuli magotini. Nikachungulia kitabu.

Ukurasa mia moja sabini na moja.

Ni ile feni. Wale mama, walipopulizwa na upepo, waliimba kama wasichana. Kisha Wenceslao akaja na gita na wanawe watatu, wote na medali zao, wakazimeza kurasa kama tambi.

Nilijaribu kurudisha kurasa kimyakimya. Nana Sepa alinipiga mkono kwa upepeo wake. "We Melchor! Bwana ameshakamatwa, wewe unamrudisha mezani akale?"

Wakubwa saba wakaimba zamu zao. Mimi sikusikia neno. Nilikuwa nawaona wanne wadogo kwenye vile vitanda vya Lucena, na Ligaya hana wa kumpandisha kwenye bembea.

Ikafika zamu yake. Akatazama ukurasa. Akatazama dari. Akanitazama mimi. Halafu akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaimba. Si zile beti za kuku. Zile zilizokuwa pale, kwenye ukurasa ule, neno kwa neno, majina magumu na yote. Alipomaliza beti mbili hakuacha. Akageuza ukurasa mwenyewe. Nana Sepa ilibidi amwombe kitabu mara tatu.

Shemeji Puring alilia, akapangusa uso, akala vipande vitatu vya wali wa nazi wa kwenye majani, akasema mtoto sauti hana lakini anasoma. Vitanda atavileta hapa kwetu, maana ameona jinsi tunavyolala.

Njiani nilimuuliza Ligaya amejua kusoma tangu lini. Akasema tangu Mama yupo. Alikuwa akikiangalia kidole cha Mama. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema ningeshuka sakafuni, Baba. Na nyuma yangu hakuna wa kupanda."

Kisha nikamuuliza, na leo je?

"Leo uso wako ulikuwa unakwenda Lucena."

Nilimbeba hadi nyumbani. Ni mzito.

Jumapili ya Pasaka, 9 Aprili

Vitanda vimefika. Tumekula tambi za pansiti, tumekula kuku yule aliyesimama juu ya Jumatano. Furaha tele.

Lakini baada ya vyombo kuoshwa niliona jambo. Nyumba nzima sasa inajua kusoma. Watoto wanane walikuwa sakafuni, kila mmoja na kitabu chake, kimya. Bembea ilikuwa tupu.

Hiyo haikubaliki. Mpango wa nne: nilificha miwani yangu kwenye pipa la mchele, nikajilaza kwenye bembea, nikatangaza kwa masikitiko kwamba macho yangu yamekwisha, siwezi tena kusoma hata herufi moja.

Ligaya alikuja na kitabu chenye jina la penseli. Akapanda kifuani kwangu, akanisomea kurasa kumi na moja, kidole kwenye mstari. Wengine wakasogea. Mapacha waliigiza sauti za watu wabaya. Kamba za bembea zilistahimili.

Wakati wa chakula cha jioni Amparo aliweka miwani mbele ya sahani yangu, ina punje za mchele. Wote wanane walikuwa wakitazama dari.

Kesho nahitaji maficho mengine. Nimeshayapata: nyuma ya picha ya Perla, pale ukutani. Nitaibandika kwa gundi ya wali. Safari hii nitatia chumvi, sisimizi wasije.